Nunua Agosti, ule Aprili

Mimi ni mpishi wa safari. Wageni wakiwa wengi nalala mlimani au porini kuliko nyumbani kwangu Sakina, Arusha, na kabla gari halijaondoka kazi yangu ni kuingia Soko la Kilombero na karatasi mkononi, nitoke na chakula cha watu 12 cha siku saba, kisipungue njiani wala kisirudi kimeoza. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa namtuma mtoto kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, akalete sukari robo, mafuta ya kupima ya buku na unga kilo mbili, kama mtu ambaye hajawahi kushika kalamu.

Mwaka 2020 ndio ulionikamata. Machi wageni walioshalipia wakaanza kughairi, Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na mimi nikabaki na watu sita wa kulisha, deni kwenye daftari la Mangi na masika inapiga bati. Tukakaa na mke wangu, tukaandika kila kilichoingia jikoni kwa siku 30. Sukari peke yake ilitutia aibu. Robo tulikuwa tunanunua kwa 900, maana yake kilo tunailipa 3,600. Kilo nzima dukani hapohapo ilikuwa 3,000. Mfuko wa kilo 25 mjini ulikuwa 68,000, ambao ukiugawa unapata kilo kwa 2,720. Nyumba yetu inakula kilo nne kwa mwezi. Piga mwenyewe: tulikuwa tunatupa zaidi ya elfu 42 kwa mwaka kwa kuogopa kutoa elfu 68 siku moja.

Bei nitakazotaja humu ni za kwenye daftari langu la miaka tofauti. Za kwako zitakuwa nyingine. Unachotakiwa kuangalia ni pengo kati ya bei na bei, maana pengo halitoki hata bei zikipanda.

Kwanza pima mnachokula

Mlimani mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, kwa hiyo mpishi anajua mchele wake kwa gramu. Tunazo mizani ndogo za kuning'iniza, unaweka mzigo kwenye ndoano, unasoma. Nilinunua ya kwangu, ikawa inakaa nyuma ya mlango wa jiko. Kwa wiki mbili, kabla ya chochote kuingia sufuriani, tulikipima na kuandika. Usikadirie. Mke wangu alikuwa na uhakika tunapika mchele kilo moja kwa mlo. Mizani ikasema gramu 700. Mimi nilikuwa na uhakika sisi si walaji wa sukari. Katika zile kilo nne, moja na nusu ni ya chai ya mama mkwe, na hilo sijadili.

Wiki mbili zikiisha utakuwa na kitu ambacho majirani zako hawana: kiasi cha mwezi. Kwetu unga wa ugali na uji ni kilo 25. Kwa mwaka ni kilo 300. Ukishaijua hiyo 300 huwezi tena kununua unga kilo mbili mbili kwa amani.

Usipopima, ushauri wote unaofuata utakugeuka. Nimemwona mtu ananunua gunia la viazi kwa sababu ni rahisi, theluthi moja ikachipua chini ya kitanda.

Halafu angalia kalenda

Watu wengi wanafikiri kuokoa pesa ya chakula ni kujua kubishana na muuzaji. Mimi nabishana vizuri tu, lakini katika miaka yote hii ubishi haujaniletea hata nusu ya nilicholetewa na kalenda.

Huku kwetu mahindi na maharage yanatoka shambani kuanzia Juni au Julai mpaka Septemba, kutegemea mwinuko. Hapo bei iko chini. Inaanza kupanda Desemba, na kuanzia Februari mpaka Mei ghala za watu zimeisha, mvua imeharibu barabara za vijijini, na kila mtu ananunua. Sasa angalia mfuko wangu: wageni wanakuja kwa wingi Juni mpaka Oktoba, wanarudi tena Desemba mpaka Februari, na Aprili na Mei kambi nyingi zinafungwa. Yaani mwezi nisio na shilingi ndio mwezi ambao debe la mahindi liko juu kabisa. Wewe huenda ni mwalimu na mshahara wako hauna msimu, lakini Januari una ada, sare na madaftari. Tafuta mwezi wako mwembamba, kisha rudi nyuma mpaka kwenye mavuno.

Daftari langu la mwaka mmoja linasema hivi: Agosti kilo ya mahindi shilingi 700, Aprili iliyofuata 1,050. Kwa kilo 300 pengo ni 105,000. Toa mifuko mitatu ya kuhifadhia kwa 5,000 kila mmoja, inabaki 90,000. Sijamwomba mtu punguzo.

Pesa ya kununulia inatoka wapi? Nusu ya tipu za Julai na Agosti zinaingia kwenye laini ya simu ya mke wangu, isiyo yangu. Nilijaribu kuziweka kwenye laini yangu mwaka wa kwanza. Tuendelee.

Mahindi nanunua Ngaramtoni, ambako soko ni Alhamisi na Jumapili, na kutoka Sakina ni kifodi kimoja, yaani daladala ndogo. Naenda asubuhi, naulizia watu watatu au wanne kabla ya kugusa gunia. Cha kwanza si bei, ni ukavu. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, sawa, ikibonyea au kupasuka kimya, bado ina maji. Ukitaka uhakika beba chupa ya kioo iliyokauka vizuri na kijiko cha chumvi kavu. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, tia chumvi, tikisa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Naisema hivi kwa sababu gunia langu la kwanza nilinunua bila kupima kitu. Lilikuwa rahisi kuliko yote sokoni, na mimi nikajiona mjanja. Desemba tulipolifungua, harufu ilitangulia, kisha tukaona ukungu wa kijani kwenye punje. Jirani akasema nimpe ng'ombe wake. Nikakataa, tukagombana kidogo. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na ng'ombe akila, sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyohiyo. Lile gunia nilichimba shimo nikalifukia, na nilipokuwa nachimba nilikuwa nahesabu ni siku ngapi nimepanda na kushuka mlima kwa ajili yake.

Kuhifadhi sasa. Mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa, inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Ina tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Jaza mahindi safi yaliyopepetwa, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo wa nailoni ya kwanza uufunge kwa kamba, kisha ya pili, kisha kiroba, kila mmoja peke yake. Wadudu waliomo wanamaliza hewa wanakufa, na hata dumuzi, yule ambaye wazee wanamwita Scania, hafanyi kitu. Huhitaji dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na uhakikishe panya hana njia, maana tundu moja la jino linamaliza kazi yote. Usifungue kuchungulia. Mimi sitii yote kwenye pipa moja kubwa kwa sababu hiyohiyo: nafungua mfuko mmoja, tunaula mpaka uishe, mingine inabaki imelala.

Kusaga nako kuna pesa. Nilipima: kilo 20 za mahindi zikikobolewa zilinipa sembe kilo 15, zikisagwa dona zikatoka karibu zote. Tulihamia dona kwa miezi miwili ya manung'uniko, sasa watoto wakila sembe kwa watu wanasema haina ladha. Dona haikai muda mrefu, inaanza kuwa chungu, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu. Ukiamua kukoboa, kabla kijana wa mashine hajawasha, mwambie pumba ni zako. Usiposema, mashine nyingi zinabaki nazo, na kuku wako wanakula vya kununua.

Vingine kwa msimu wake

Maharage nanunua Julai, sado saba, yaani makopo saba ya lita nne, ya njano au mchanganyiko. Mchanganyiko ni rahisi zaidi kwa sababu tu hayapendezi macho. Maharage mapya yana faida ambayo haionekani kwenye bei: yanaiva upesi. Ya mwaka jana yanakula mkaa mpaka unajuta. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha mengi mara moja kwa wiki, gawa kwenye vibakuli.

Mchele wetu ni wa Magugu. Wapo wanaoapa kwa wa Mbeya, nawaheshimu. Uliza mchele ni wa lini: mpya unashikana na kujaa kidogo, uliokaa miezi kadhaa unavumilia maji na kuvimba, kwa hiyo gramu 700 zilezile zinajaza sahani vizuri zaidi. Chenga zinauzwa kwa bei ya chini na kwa uji, vitumbua na bokoboko hakuna atakayejua.

Vitunguu vya Mang'ola vikija kwa wingi nachukua sado tano, yaani debe, nikichagua vyenye shingo iliyokauka na maganda yanayolia. Vinaning'inia kwenye wavu juu ya mlango wa stoo. Kamwe usiviweke pamoja na viazi, vitaharibiana.

Nyanya ndizo zinazowaumiza watu masika. Mvua kubwa inaziozesha shambani, na nyanya tatu zinakuwa za bei ya fungu. Kiangazi, zikishuka kutoka Ngarenanyuki kwa matenga, nanunua nyingi, nazikatakata, nazichemsha na chumvi bila maji mpaka ziwe rojo zito, nagandisha kwenye vikombe. Kama huna friji, masika tumia nyanya ya kopo na usione haya. Mchuzi wa kambini unaosifiwa na wageni una nyanya ya kopo ndani yake, nakuhakikishia.

Sukari ina msimu pia, ingawa watu hawaufikirii. Viwanda vyetu husimama wakati wa masika kwa sababu miwa haivuniki kwenye tope. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikatisha uzalishaji na sukari ikawa ya kutafutwa kwa kuulizana. Kwa hiyo ule mfuko wa kilo 25 naununua Februari. Miezi sita inatosha. Kurundika zaidi ya hapo ni kuwanyima wengine na kuwakaribisha sisimizi.

Sado si sado

Sado ni kopo la lita nne, debe ni lita 20, kwa hiyo debe ni sado tano. Hesabu hiyo ndogo ina thamani. Siku moja Kilombero viazi vilikuwa 5,000 kwa sado na 20,000 kwa debe. Aliyenunua sado tano alilipa 25,000 kwa mzigo uleule.

Lakini kopo lenyewe nalo lichunguze. Lipo lililogongwa kitako likaingia ndani, lipo lililokatwa ukingo, na lipo zima ambalo muuzaji anapanga viazi vikubwa kwa vidole mpaka kati kati kunabaki mapango. Nilipima sado tatu za viazi kwa wauzaji watatu asubuhi moja: kilo 3.3, kilo 2.9, kilo 2.4. Bei ilikuwa moja.

"Mama, hii sado mbona imekunja tumbo?"

"Baba, njaa hiyo, hata sado inasikia."

Tulicheka wote wawili, akaniongezea viazi vinne. Ndivyo inavyokwenda: usimwambie mtu mwizi mbele ya wenzake. Mwonyeshe umeona, umpe nafasi ya kuongeza. Na kwa vitu vya bei kubwa kama mchele na nyama, achana na makopo, nunua kwa mizani, na angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo.

Kuhusu saa ya kwenda: ukitaka bei ya jumla Kilombero nenda alfajiri magari yakishusha mzigo, na uwe tayari kuchukua kiasi kikubwa. Ukitaka mboga na ndizi kwa bei ya kutupa, nenda Tengeru Jumatano au Jumamosi, saa kumi na moja jioni, wakati akina mama wa Meru wanafikiria njia ya kurudi. Mkungu mzima wa mshare jioni unaweza kuwa bei ya chane tatu za asubuhi. Ndizi mbichi zinavumilia: tunapika machalari mara mbili, mtori mara moja, na zinazobaki zikianza kuiva watoto wanazimaliza. Kutoka Sakina mimi napanda vifodi viwili kwenda na viwili kurudi, kwa hiyo siendi Tengeru kwa ajili ya mkungu mmoja. Naenda nikiwa na orodha ya vitu vinne au vitano, vinginevyo nauli inakula faida na mimi nakula vumbi.

Na neno moja kuhusu yule mama wa mchicha. Amelima, amevuna, ametembea na kikapu kichwani. Ukimshusha shilingi 200 kwa fungu la 500 hujaokoa kitu ambacho daftari lako litakiona. Mimi nampa bei yake, ananichagulia fungu nono, na mnafu ukiwa haba ananiwekea.

Beba kikapu chako. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila ukisahau kikapu unanunua mfuko. Niliwahi kuhesabu 11 kabatini, kila mmoja 500. Hiyo ni nyama nusu kilo na ushee imelala kabatini.

Mpangilio wa wiki kama wa mlimani

Mlimani siku ya kwanza na ya pili wageni wanakula parachichi, nyanya na saladi. Siku ya sita wanakula kabichi, karoti na viazi. Wanadhani ni utaalamu wa menyu, kumbe ni kile kinachoweza kukaa bila kuoza. Nyumbani ni hivyohivyo. Mboga tunanunua mara moja, Jumapili. Jumapili na Jumatatu ni mchicha au mnafu, bila kuosha mpaka saa ya kupika, umefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Jumanne na Jumatano ngogwe, bamia au bilinganya. Alhamisi kabichi. Ijumaa dagaa wa Mwanza. Jumamosi makande, ambayo hayahitaji chochote kutoka sokoni. Tangu tuanze hivi safari za "nimesahau hoho" zimekwisha, na kila safari ya hoho ilikuwa inarudi pia na soda na maandazi.

Nyama naieleza kwa ufupi kwa sababu sina siri. Mifupa ya supu na makongoro vinatoa ladha kuliko steki na vinauzwa chini. Nyama ya rosti nakata vipande vidogo, napika na viazi vingi. Sikukuu tunachanga mbuzi nyumba nne, anachinjwa, anapimwa kwa mizani, kila mtu na mfuko wake.

Kuchanga na majirani

Dumu la mafuta ya alizeti la lita 20 ni kubwa kwa nyumba moja na pesa yake inauma. Kwa nyumba nne ni lita tano tano. Gunia la viazi kwa nyumba tatu linaisha kabla ya kuchipua. Sisi tuko watatu wa kudumu: mwalimu, fundi seremala na mimi, na wa nne anabadilika.

Mara ya kwanza tuligawa viazi kwa sado na nusura tuvunje ujirani. Mwalimu alipata vya chini ya gunia, vidogo kama vya kuku, na alituambia hivyo kila siku kwa wiki mbili. Tulichojifunza: mwaga gunia lote kwenye turubai kwanza, tenga vikubwa na vidogo, gawa kwa mizani, na anayegawa anachagua wa mwisho. Hela inakusanywa kabla ya mtu kwenda sokoni. Asiyetoa hagaiwi, hata kama ni shemeji. Nauli ya guta ya kubebea mzigo inagawanywa sawa.

Angalia pia gunia lenyewe. Likiwa na kichwa kilichoshonewa juu kwa kamba, hiyo ni lumbesa, na ni kinyume cha sheria ya vipimo. Mnunuzi wa mjini anaifurahia, lakini aliyepunjwa ni mkulima, na kwa kuwa kila muuzaji anajaza anavyotaka huwezi kulinganisha gunia na gunia. Sisi tunauliza kilo.

Na Mangi je?

Mangi si adui yangu. Aprili 2020 ndiye aliyetukopesha unga. Ana bei yake kwa sababu amekuletea duka mlangoni mpaka saa nne usiku, na anakupimia kijiko cha majani ya chai ambacho hakuna mwingine atakupimia. Kwake nanunua kiberiti, chumvi, viungo ninavyotumia mara mbili kwa mwaka, na mkate tukipata wageni wa ghafla. Nilichoacha ni kununua kwake vitu vya kila siku kwa vipimo vidogo, na kununua kwa daftari, maana mtu mwenye deni haulizi bei.

Kuna karatasi kwenye mlango wa jiko. Kitu kikikaribia kuisha, anayekiona anaandika, hata mtoto wa darasa la pili. Kisichoandikwa hakinunuliwi katikati ya wiki, isipokuwa dawa. Na mtoto hapewi elfu kumi kwenda kununua kitu cha elfu moja, kwa sababu chenji inarudi na pipi, wakati mwingine kutoka kwa mtoto, wakati mwingine kutoka kwa Mangi mwenyewe asiyekuwa na sarafu.

Kwenye maduka makubwa soma gramu kabla ya bei. Pakiti inabaki sura ileile, ndani gramu zinapungua. Sabuni na karatasi za chooni huwa nafuu huko ukichukua bunda. Vingine sioni.

Mwezi huu wa Mei tumebakiwa na mfuko mmoja wa mahindi, umefungwa tangu Agosti. Miwili mitupu nimeikung'uta, nikageuza nailoni nje ndani, nikaziinua moja moja mbele ya dirisha nione kama kuna mwanga unaopenya. Mfuko mmoja ni mzima, utabeba tena Agosti. Mwingine una matundu mawili ya sindano karibu na mshono. Nailoni zake zimefunika banda la kuku, na kile kiroba cha nje mama mkwe amekijaza udongo na samadi, akapanda sukuma wiki pembeni na juu.